Kazi za Mtandaoni kwa Mwanafunzi wa Fani: Anza Kujiandaa Ukiwa Bado Chuoni

Mwanafunzi aliyetoka HKL au HGL, michepuo ya sanaa ya kidato cha tano na sita Tanzania, akaingia chuoni kusoma Kiswahili, Historia, Isimu, Fasihi au Sosholojia huulizwa swali lile lile kila akirudi nyumbani likizo: "Kwa hiyo utakuwa mwalimu?" Si swali baya, na ualimu si kazi mbaya. Ila nafasi za serikalini hutoka kwa mafungu, waombaji ni wengi kuliko nafasi zenyewe, na kukaa mtaani ukisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira si mpango. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka mlango wa pili: kazi ya lugha, utafiti na maandishi inayofanyika kwa kompyuta, kwa mteja aliye Geneva au Chicago, wewe ukiwa Mbagala au Eldoret.

Jambo moja ulishike tangu sasa. Mteja wa mbali hakuoni, hakijui chuo chako, na GPA yako haimwambii kitu. Anachoweza kukiona ni kazi uliyokwisha kuifanya. Karibu kila hatua hapa chini inaelekea huko.

Hatua ya 1: Geuza kozi zako ziwe huduma

Chukua orodha ya kozi ulizosoma mpaka sasa, na mbele ya kila moja andika ni nani angelipa ili afanyiwe nini. Hakuna anayenunua "Nadharia za Uhakiki wa Fasihi". Wapo wanaonunua usomaji wa mswada, unaofanywa na mtu anayeweza kueleza kwa nini sura ya nne imelegea.

Aliyesoma Kiswahili na Isimu ana tafsiri, uhariri, kusahihisha tafsiri za mashine, kufundisha wageni, na kazi za kuandaa data za lugha kwa ajili ya akili unde (AI). Aliyesoma Sosholojia, Siasa au Maendeleo ana unukuzi wa mahojiano, kutafsiri hojaji, na kupanga majibu ya wahojiwa kwa mada. Wa Fasihi ana uhariri na maandishi ya chini ya video. Wa Historia ana utafiti wa nyaraka, na hapa nikae kidogo, kwa sababu ni eneo ambalo wengi hawalifikirii.

Watafiti walioko vyuo vya nje huhitaji mtu wa kuwasomea na kuwapigia picha majalada yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, kwa sababu nauli ya ndege ni kubwa kuliko malipo ya msaidizi. Nusu ya kazi unaifanya kwenye meza ya maktaba, nusu nyingine nyumbani ukiandika muhtasari. Lakini kabla hujagusa jalada wala kumhoji mzee yeyote, muulize mtafiti wako kibali. Tanzania Bara vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Mgeni anayekwambia "fanya tu kimya kimya" anakutwisha wewe hatari yake, na wewe ndiye utakayebaki hapa.

Hatua ya 2: Chagua huduma moja, na uijue hesabu yake

Wanafunzi wengi hujitangaza hivi: natafsiri, nahariri, nabuni nembo, naingiza data, nasimamia mitandao ya kijamii. Mteja akisoma hivyo anaona mtu asiye na kazi. Chagua moja ya kuongoza, nyingine ya kusindikiza. Kila moja ina namna yake ya kulipwa, na usipoielewa utafanya kazi usiku kucha kwa pesa ya chai.

*Unukuzi.* Hii ndiyo rahisi kuanzia: unasikiliza sauti, unaandika kilichosemwa. Malipo hupangwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika yako ya kazi. Saa moja ya mahojiano yanayosikika vizuri humchukua mzoefu kama saa nne. Anayeanza, na kama kuna watu watatu wanaokatizana huku bodaboda zinapita nje, atafika saa sita au zaidi. Sasa piga hesabu: ukilipwa senti 60 za dola kwa dakika, saa moja ya sauti ni dola 36. Ukiigawa kwa saa sita ni dola 6 kwa saa. Kabla ya kukubali, omba usikie dakika mbili za katikati ya faili. Dakika za mwanzo huwa safi siku zote. Mhojiwa bado hajachangamka.

*Tafsiri.* Hulipwa kwa neno, na mara nyingi ni neno la matini chanzi, yaani maandishi unayoyatafsiri. Kipimo kinachotumika sana katika fani hii ni maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku kwa mfasiri anayefanya kazi makini. Kwa hiyo ofa ya senti 1 ya dola kwa neno ni dola 20 kwa siku nzima ya kichwa kuuma. Ya senti 3 ni dola 60. Niseme wazi kuhusu akili unde: tafsiri za bei ya chini, zile za maelezo ya bidhaa na makala za kujazia tovuti, zimeliwa na mashine na hazirudi. Kilichobaki, na kinachoongezeka, ni kupewa tafsiri ya mashine uisahihishe. Ofa za kazi hiyo huwa chini ya bei ya kutafsiri, kwa hoja kwamba ni nyepesi. Si kweli kila mara. Mashine ikikosea upatanisho wa ngeli ni rahisi kuona. Ikikupa sentensi laini isiyosema kilichosemwa na matini chanzi, usipolinganisha mstari kwa mstari itakupita. Aliyesoma isimu anaiona haraka kuliko aliyezaliwa tu na lugha, na hilo ndilo unaloliuza.

Jambo lingine la mfasiri wa Kiswahili: ujue unaandika Kiswahili cha wapi. Wateja huandika sw-TZ au sw-KE kwenye maagizo yao, na msomaji wa Kisumu aliyezoea "tarakilishi" na "rununu" si sawa na wa Morogoro anayesema kompyuta na simu ya mkononi. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake kabisa, swc. Kazi ikisema ni ya Goma au Lubumbashi, na wewe umekulia Tanga, mwachie mwenyewe. Ujumbe wa kipindupindu usioeleweka ni hatari kwa watu.

*Maandishi ya chini ya video*, au manukuu kama YouTube inavyoyaita. Hulipwa kwa dakika ya video. Kanuni inayotumiwa sana ni herufi 42 kwa mstari, mistari isizidi miwili kwenye skrini. Kiswahili hubana maneno mengi kuwa moja, lakini hilo moja huwa refu: "wasingetuambia" ni herufi 14 tayari. Kwa hiyo ustadi wenyewe ni kufupisha bila kuua maana, na aliyefundishwa kusoma ushairi anajua kuhesabu mizani kabla hajaambiwa.

*Kufundisha Kiswahili kwa wageni.* Majukwaa yanayojulikana ni italki na Preply. Yasome masharti yao kabla ya kujiunga. italki hukata asilimia 15 ya ada ya somo. Preply haikulipi kitu kwa somo la kwanza la majaribio la kila mwanafunzi, kisha huanza kwa kukata asilimia 33, na makato hushuka kadiri saa zako za kufundisha zinavyoongezeka, mpaka 18. Kwa somo la dola 10, mwanzoni unabaki na dola 6 na senti 70. Si wizi, ndiyo bei ya kuletewa wanafunzi, lakini uipange kwenye ada yako. Na usidhani kuzungumza Kiswahili kunatosha. Mgeni atakuuliza kwa nini ni "kitabu kizuri" lakini "rafiki mzuri", na kwa nini kuna "rafiki yangu" na si "rafiki wangu". Kama jibu lako ni "ndivyo tunavyosema", hatarudi wiki ijayo. Andaa masomo kumi ya mwanzo kwa maandishi kabla ya kufungua akaunti.

*Kuandaa data.* Kurekodi sauti, kulinganisha majibu ya mashine, kuweka alama kwenye maandishi. Kazi zipo, lakini zinaweza kuondoka bila kuaga. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilifungia wafanyakazi wa Kenya, na waliokuwa wakilitegemea peke yake walibaki mikono mitupu. Lifanye kuwa pato la pembeni. Na kama kazi ni ya kuchuja picha na maandishi ya ukatili, uliza kwanza kuhusu msaada wa kisaikolojia na malipo: Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa Nairobi waliochuja maandishi ya namna hiyo kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa.

Hatua ya 3: Tengeneza kazi tatu za kuonyesha

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama una muda wa hatua moja tu muhula huu, fanya hii, na ifanye mwaka wa pili, kabla tasnifu na mafunzo kwa vitendo havijakumeza.

Kazi tatu zinatosha. Ziwe za huduma ileile uliyoichagua, lakini kila moja iwe na mazingira yake. Kwa mfasiri, kwa mfano: ukurasa mmoja wa maelezo ya afya, ukurasa mmoja wa mkataba au masharti ya huduma, na ukurasa mmoja wa makala ya kawaida. Maneno 300 hadi 400 kila moja, matini chanzi upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia. Chini yake weka aya fupi inayoeleza maamuzi mawili au matatu magumu uliyofanya: istilahi ipi uliichagua, uliitoa wapi, kwa nini hukuitumia nyingine. Aya hiyo ndiyo inayokutofautisha na mwenye programu ya kutafsiri, maana inaonyesha mtu anayefikiri. Hapo ndipo kamusi za TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na istilahi zilizosanifiwa na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, zinapokufaa.

Matini uzitoe wapi? Chukua zile ambazo wenyewe wameruhusu zitumiwe na wengine: makala za Wikipedia, machapisho yenye leseni huria, maandishi ambayo hakimiliki yake imekwisha. Usichukue faili la mteja wa mwenzako. Na ukishaanza kupata wateja, usionyeshe kazi yao bila ruhusa ya maandishi. Wengi watakuwa wamekusainisha mkataba wa usiri, na hata wasipokusainisha, adabu ya kazi ni hiyo.

Kwa mnukuzi: rekodi mahojiano ya dakika kumi na babu au mama muuza samaki, kwa idhini yao, kisha toa matoleo mawili. Moja la neno kwa neno, pamoja na "eee", vikohozi na kusita, jingine lililosafishwa. Wateja huomba mojawapo, na wanafunzi wengi hawajui kuna tofauti. Kwa mwalimu: video ya dakika mbili ukifundisha maamkizi, taa ikiwa mbele yako si nyuma. Kwa mhariri: kurasa mbili kabla na baada, mabadiliko yote yakionekana pembeni. Kwa mtafiti wa sayansi za jamii: mahojiano matano yaliyopangwa kwa mada ndani ya Taguette, ambayo ni programu ya bure, pamoja na ukurasa mmoja wa matokeo. Tasnifu yako ya mwaka wa tatu inaweza kuwa ndiyo hiyo, mradi uwe umeficha majina ya wahojiwa.

Njia ya kupata kazi halisi, si ya kujitungia, ni kujitolea mahali panapotambulika. CLEAR Global, ambayo awali ilijulikana kama Translators without Borders, hupokea wafasiri wa kujitolea, Kiswahili kikiwemo, na kazi zake huenda kwa mashirika ya misaada. Wikipedia ya Kiswahili nayo ipo wazi kwa yeyote, na historia ya kila ulichoandika hubaki hadharani na tarehe yake. Jitolee kwa kikomo, lakini. Ukishafikisha maneno elfu kumi hivi, jina lako limejulikana. Anza kudai malipo kwingine. Kampuni ya biashara inayokuomba ujitolee "ili upate uzoefu" inatafuta kazi ya bure.

Ziweke zote tatu katika faili moja la PDF lenye jina lako, na nakala nyingine kwenye kiungo cha Google Drive kinachofunguka bila kuomba ruhusa. Kifungue kwa simu ya rafiki yako uhakikishe. Nafasi nyingi hufia hapo: mteja anabonyeza, anakuta mlango umefungwa, anamfuata mwingine.

Hatua ya 4: Vifaa, umeme na bando

Simu haitoshi, isipokuwa kwa kurekodi sauti. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya GB 8, inafanya kazi zote nilizotaja. Kama bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, halitoshi, nunueni wawili na mgawane zamu. Nimeona watu wakiifanya mwaka mzima bila kugombana, ingawa si wote. Programu za kuanzia ni za bure: OmegaT au Matecat kwa tafsiri, Subtitle Edit kwa maandishi ya video, LibreOffice badala ya Word isiyo na leseni. Usinunue programu za gharama mpaka mteja azidai.

Umeme na mtandao ni vya kupangiwa, si vya kulalamikia. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mteja wa nje hajui hilo, na halimhusu. Kwa hiyo uwe na laini za mitandao miwili, upakue faili zote kwenye kompyuta mara tu unapopewa kazi, na ujue mahali pa tatu pa kukimbilia, iwe maktaba ya chuo au steshenari yenye jenereta. Tarehe ya kukabidhi ikiwa Ijumaa, wewe jiwekee Jumatano.

Jambo moja la kisheria kwa walioko Tanzania: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kuwa wanaotumia VPN (huduma inayopitisha mtandao wako kwa njia ya siri) wazisajili. Baadhi ya waajiri wa mbali wana VPN yao ya kuingilia kwenye mifumo. Ukipewa, uliza na usajili.

Hatua ya 5: CV ya mteja wa nje si ile uliyofundishwa

CV yetu ya kawaida ina tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, namba ya sanduku la posta, divisheni ya kidato cha nne, na wadhamini watatu akiwemo mchungaji au sheikh. Itunze hiyo kwa ajili ya serikali. Kwa kazi za mtandaoni andika ukurasa mmoja. Juu: jina, huduma, jozi ya lugha. Kisha kiungo cha kazi zako. Kisha programu unazozijua, elimu kwa mistari miwili, na saa unazopatikana.

Maelezo ya huduma yaandike kwa vitu, si kwa sifa. "Ni mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" ameandika kila mtu. Linganisha na hii: "Nanukuu na kutafsiri mahojiano ya Kiswahili cha Tanzania kwenda Kiingereza, hasa ya kilimo na afya ya jamii. Nimelelewa na wasemaji wa Kisukuma, hivyo naelewa maneno yanayochanganywa. Saa moja ya sauti nairudisha ndani ya siku mbili." Mtafiti anayefanya kazi Shinyanga akisoma hiyo hatafuti mwingine. Lugha ya nyumbani, ile uliyoambiwa shuleni usiiongee, hapa ni mali; iandike.

Hatua ya 6: Kutafuta

Majukwaa ya Upwork na Fiverr ndiyo ya kwanza kutajwa na kila mtu, na kwa sababu hiyohiyo yamejaa. Fiverr hukata asilimia 20. Jisajili, lakini usingoje pale. Kwa wafasiri, ProZ ina orodha ya kampuni za tafsiri pamoja na maoni ya wafasiri kuhusu ulipaji wao. Soma maoni hayo kabla hujaandikiana na yeyote. Kenya kuna mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, wenye mafunzo ya bure na vituo kwenye kaunti. Ni mahali pazuri pa kupata kompyuta na wenzako.

Njia ninayoiamini zaidi ni barua za moja kwa moja. Tafuta miradi ya utafiti inayofanyika Afrika Mashariki, mashirika yanayochapisha kwa Kiswahili, idara za vyuo vya nje zinazofundisha Kiswahili. Waandikie watu watano kwa wiki, kila mmoja barua yake. Barua isizidi sentensi sita: nimesoma kazi yako fulani, nafanya huduma hii, hii hapa sampuli inayofanana na unachofanya, naweza kuanza lini, gharama yangu ni hii. Usianze na "natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya", na usimalizie kwa kuomba afikirie hali yako. Kwetu ni heshima, kwake ni maneno ya kuruka.

Wahadhiri wako nao ni njia. Watafiti wa nje wakitafuta msaidizi huwauliza wao kwanza. Mwendee mwalimu ofisini, si kwenye WhatsApp saa nne usiku, ukiwa na ile PDF mkononi: "Shikamoo, mwalimu. Nafanya unukuzi, na hii ni sampuli yangu. Ukisikia mtu anahitaji, naomba unikumbuke." Hiyo inatosha. Asipoiona sampuli hatakutaja, maana jina linaloharibika ukivurunda ni lake.

Utapewa majaribio. Maneno 200 au 300 ya bure ni kawaida. Wakikuletea 2,000 waambie bei yako.

Kwa aliyemaliza shahada na anayetaka kufundisha, kuna pia nafasi ya Fulbright FLTA, inayopeleka walimu vijana wa lugha kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Si kazi ya mtandaoni, ila anayerudi huwa na wanafunzi wa kufundisha kutoka mbali.

Hatua ya 7: Saa

Inaonekana ndogo, na imewakosesha watu kazi. Akili ya Mswahili ikisoma 3:00 husema saa tatu. Mteja anamaanisha saa tisa. Andika muda kwa mfumo wa saa 24 na ongeza UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, kila barua, bila kuchoka. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. London tunaitangulia kwa saa tatu majira yao ya baridi na mbili majira ya joto. New York kwa nane na saba. Wamarekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, Wazungu wa Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna wiki chache katikati ambapo kila hesabu inakosea. Uliza upya wiki hizo. Na "Ijumaa mwisho wa kazi" ya New York wakati wa baridi ni saa saba usiku kwetu, Jumamosi tayari.

Hatua ya 8: Kulipwa

Fungua njia ya kupokea pesa kabla ya kupata kazi. Payoneer inafanya kazi Kenya na Tanzania. PayPal Kenya inaunganika na M-PESA. Akaunti ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokea, kwa hiyo usimpe mteja anwani ya PayPal kabla hujajaribu mwenyewe. Usitumie akaunti ya binamu aliyeko Uingereza isipokuwa umechoka naye.

Kwa mteja mpya asiyepitia jukwaa, omba nusu mbele. Makubaliano yawe kwenye barua pepe, hata mistari mitano: kazi gani, maneno au dakika ngapi, bei, tarehe ya kukabidhi, siku ngapi za kulipa. Kampuni za tafsiri hulipa siku 30 hadi 60 baada ya ankara, kwa hiyo pesa ya Januari usiipangie kodi ya chumba ya Februari. Chukua TIN kwa TRA, au PIN kwa KRA, weka daftari la mapato, na ukumbuke kwamba mkopo wa HESLB au HELB unakungoja hata kama huna mwajiri.

Hatua ya 9: Za kukataa

Kazi yoyote inayokudai ada ya kujiunga, ya mafunzo au ya "kuwezesha akaunti". Kazi ya kutazama video au kubonyeza nyota ulipwe, kisha uongeze mtaji na kuleta wengine: hiyo ni upatu, na wa chini ndiye analia. Kukodi akaunti ya Upwork ya mtu mwingine, biashara iliyozoeleka sana: ikifungwa, inafungwa na pesa yako ndani, na huna pa kushtaki.

Halafu kuna kuwaandikia wanafunzi wa nje insha na tasnifu zao. Nairobi imekuwa kazi kubwa, na waliosoma fani ndio wanaowindwa, kwa sababu wanaandika vizuri. Inalipa, sitadanganya. Lakini Uingereza ilishaifanya biashara hiyo kuwa kosa kwa sheria ya 2022, akili unde imeivunja bei, na zaidi ya yote, huwezi kuionyesha. Miaka mitatu ya kuandika usiku, na siku ukiulizwa umefanya nini huna hata ukurasa mmoja wenye jina lako.

Hatua ya 10: Kazi ya kwanza ikija

Soma maagizo mara mbili, uliza maswali yote kwa barua moja, si kumi. Ukigundua utachelewa, sema siku mbili kabla. Faili liite kama alivyokuagiza, si "final final 2". Ukabidhi pamoja na orodha fupi ya mahali ulipokuwa na shaka: dakika ya 14 jina la kijiji halisikiki, neno fulani nimelitafsiri hivi kwa sababu hii. Mhariri wake atakushukuru, na mara nyingi ndiye anayeamua nani arudishiwe kazi.

Ukishalipwa, muombe mteja sentensi mbili za kukupendekeza na ruhusa ya kuzitumia. Omba wiki hiyohiyo. Akikaa miezi mitatu hatakumbuka tena faili lilihusu nini.